Mhariri, vuli sio ya kila mtu

Ndugu Mhariri, salaam. Mi ni mkulima Kongwa, Dodoma, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kila ikifika mwezi wa kumi. Magazeti yanaandika kwa herufi kubwa "mvua za vuli zimeanza", basi, hakuna mkoa wala kanda. Mwaka juzi nilisoma hivyo kwenye gazeti moja, yakapiga manyunyu siku mbili nikajua ndo zenyewe, nikapanda eka mbili za mahindi. Wiki mbili baadaye nafukua kwa kidole nakuta mbegu zimevimba, zimetoa kamzizi kama uzi, zimekauka hivyohivyo. Na ilikuwa mbegu ya dukani, ya kurudia ikabidi nikope.

Huku kwetu hatuna vuli wala masika, tuna msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inautolea utabiri wake kabisa, mbali na ule wa vuli wa Oktoba mpaka Desemba unaohusu pwani ya kaskazini, mikoa ya kaskazini na Kanda ya Ziwa. Wao wanatofautisha vizuri, ila ikifika gazetini inakuwa kitu kimoja.

Ukanda wa mvua unalifuata jua. Tanga na Moshi unapita mara mbili, ukipanda kaskazini wanapata masika ukirudi kusini wanapata vuli, sisi unatufikia mara moja unakaa miezi yake unaondoka. Ndo maana Dodoma kwa wastani hatufikishi milimita 600 kwa mwaka wakati Bukoba, ambako ziwa nalo linachangia, wanakaribia 2,000. Nchi moja hiyo.

Sasa ukichukua Afrika nzima ndo kabisa. Mwezi wa saba sisi tunapura mtama kwenye vumbi, wenzetu wa Mali na Niger ndo wako shambani na mvua inanyesha, na Cape Town nao wanapata zao kipindi hichohicho cha baridi. Namibia jangwa limeenda mpaka ufukweni, bahari ipo lakini mkondo wa Benguela ni wa baridi, mawingu ya mvua hayajengeki. Halafu mtu anaandika "ukame Afrika", Afrika ipi jamani? El Niño ileile iliyochangia mafuriko Kenya na Somalia mwishoni mwa 2023 ndo ikaja kuunguza mahindi ya Zambia, Malawi na Zimbabwe mapema 2024.

Ninachoomba ni kidogo sana Mhariri. Kichwa cha habari kitaje kanda na miezi, na utabiri wa msimu wa mikoa yetu upewe nafasi yake, hata robo ukurasa inatosha. Mi mbegu nanunua mwishoni mwa Oktoba, ikitoka kabla ya hapo itanikuta sijafungua mfuko.

Mkulima, Kongwa