Mmepunguza watu, sahani za Jumapili atasoma nani?

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu maabara ya utafiti ya serikali iliyopo huku kwetu kando ya ziwa, ile ya "kupunguza gharama za uendeshaji", niliisoma hadi mstari wa mwisho nikitafuta swali moja tu: hao waliopunguzwa walikuwa wanafanya kazi gani? Mwandishi wenu hakuuliza. Mkurugenzi aliachiwa aseme huduma hazitaathirika, mkachapa na picha yake. Miaka mingi nimekuwa nasoma na kunyamaza. Hili limenishinda.

Waliotolewa ni mafundi sanifu wa mkataba, dereva wa boti na mhudumu wa kuosha vyombo. Kwa mtu wa utawala hao ni watu wa ziada, maana akipita saa nne anawakuta wanakunywa chai. Hajui kwamba wenzake wapo kazini tangu alfajiri, yeye akiwa bado kitandani.

Chukua kipimo cha Salmonella, bakteria wa kuharisha, kwenye minofu ya sangara. Unapima gramu 25 za mnofu, unatia kwenye mililita 225 za maji ya peptoni, yaani maji yenye lishe ya bakteria, unaweka kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, yenye nyuzi 37 kwa saa 18, na ruhusa ya kuzidi au kupungua ni saa 2, basi. Maana yake sampuli iliyoingia Alhamisi saa tisa alasiri ni lazima ishughulikiwe Ijumaa kati ya saa moja na saa tano asubuhi. Hapo unachukua mililita 0.1 unahamishia kwenye chupa itakayokaa nyuzi 41.5, na mililita 1 kwenye chupa nyingine ya nyuzi 37. Jumamosi asubuhi unapaka kwenye sahani zenye chakula cha bakteria. Jumapili asubuhi unazisoma, ukitafuta vidoa vyenye kiini cheusi, halafu ndipo uthibitisho unaanza. Sasa zamu za Jumapili zimefutwa ili kuokoa malipo ya saa za ziada. Mwezi huu sahani zilizopakwa Jumamosi zilikutwa Jumatatu bado zimo ndani ya inkubeta, zimeota hadi ukingoni, na vidoa vya bakteria wengine, vilivyotakiwa kuonekana vya njano, vimeshageuka vyekundu. Sahani ya namna hiyo haisomeki, kwa sababu hata bakteria asiye na hatia anaweza kuonekana mshukiwa. Zote zikatupwa, sampuli ikaombwa upya, mzigo wa kiwanda ukaendelea kukaa kwenye chumba cha baridi ukisubiri cheti. Na unajua nani aliandikiwa barua ya kujieleza? Fundi aliyebaki, ambaye ratiba mpya iliyosainiwa na wakubwa wake haimtambui siku ya Jumapili! Akaambiwa angeweka chupa kwenye jokofu "zisubiri". Kweli utaratibu unaruhusu kuhifadhi kwenye nyuzi 5 kwa muda, lakini jokofu halina mikono. Saa za inkubeta zikiisha, mtu ni lazima awepo kuzitoa.

Wanaodhani haya ni mambo ya vichupa tu waulize wazee wa viwanda vya minofu hapa Mwanza. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu kwa ajili ya kipindupindu, mwaka 1999 ukazuia tena kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Anayeuliza huko nje hataki maneno, anataka matokeo ya maabara.

Ziwani nako ni hivyohivyo. Oksijeni kwenye vizimba vya sato hupungua kuliko wakati wowote karibu na alfajiri, kwa kuwa usiku kucha samaki na mwani wote wanavuta na jua halipo la kuirudisha. Kwa hiyo boti inatakiwa iwe kizimbani saa kumi na moja. Chupa inajazwa pasipo kiputo hata kimoja cha hewa, na humohumo botini inatiwa salfeti ya manganizi na iodidi yenye alkali. Tope linalotokea likiwa la kahawia, oksijeni ipo. Likibaki jeupe, mfugaji aandae mifuko ya kuzolea mizoga. Sasa dereva hayupo, boti inasubiri dereva wa gari la utawala akimaliza kupeleka watu semina, na sampuli inachukuliwa saa tano jua likiwaka. Namba zinatoka nzuri sana. Ripoti itasema maji ni salama, na samaki watakuwa wamekufa.

Kuna na hili la vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wanaletwa kujifunza, wanakabidhiwa pipeti, mrija wa kupimia vimiminika, na funguo za stoo ya kemikali kwa sababu hakuna mwingine, hawalipwi hata nauli, na matokeo yanatoka kwa jina la mtu aliyekuwa kikaoni. Vyuo vinavyowatuma vinaliona hili?

Kuhusu utaratibu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema mara tu anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua nani aondoke, muda na malipo. Hapa karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo Ijumaa jioni. Mashauriano yalifanyika na ubao.

Dawa yangu ni ndogo. Maabara inayotaka ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ni lazima iwe na watu walioidhinishwa kwa kila kipimo. Orodha hiyo ibandikwe mlangoni: kipimo, jina, na mbele yake jina la atakayeshika nafasi akiondoka, na sahihi yake. Pasipo jina la pili, la kwanza lisifutwe. Pakikosekana kabisa wa kuandikwa, mkurugenzi aandike lake.

Aanze na nafasi ya mhudumu wa vyombo, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Chupa za kupimia fosfati huoshwa kwa tindikali ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha husuuzwa kwa maji yaliyoondolewa madini. Tangu kampuni ya usafi ianze kuzipitishia sabuni ya unga, ambayo yenyewe inaweza kuwa na fosfati, ziwa letu limekuwa na fosfati ya ajabu, na nasikia kuna andiko linatayarishwa kuomba fedha za kuchunguza inatoka wapi.

Fundi sanifu, jina limehifadhiwa
Igoma, Mwanza