Barua kwa mdogo wangu ambaye nywele zinamdondoka

Mdogo wangu mpendwa,

Picha uliyonitumia nimeiona: fungu la nywele kiganjani, na chini yake swali moja tu, niache sindano za kupunguza uzito? Nakujibu hapa hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu wenye swali hilo ni wengi, na wengi wao huacha dawa kimya kimya bila kumwambia daktari.

Kwanza chukua unywele mmoja uutazame vizuri kwenye mwanga. Ukiona kidoa cheupe kwenye ncha yake, basi umetoka mzima kutoka shinani. Kidoa hicho huwatisha watu, wakidhani mzizi umeng'oka na hapo hapataota kitu tena. Sivyo. Kinachootesha nywele kimebaki ndani ya ngozi. Unywele mfupi usio na kidoa popote, huo umekatika njiani, na mara nyingi wa kulaumiwa ni dawa za nywele, moto au ukavu. Daktari wa ngozi atataka kujua ni upi unaouona zaidi, kwa hiyo mpelekee jibu.

Kichwani mtu ana nywele kama 100,000, na kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kila unywele hukua kwa miaka, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka upishe mwingine. Mwili ukipata mshtuko, iwe homa kali, kujifungua, upasuaji au kupungua uzito kwa kasi, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa mkupuo. Madaktari huiita hali hii telojeni efluviamu. Nawe utaziona zikidondoka miezi miwili au mitatu baadaye. Ndiyo maana unailaumu dozi ya juzi, wakati kilichozitikisa huenda ni zile wiki za mwanzo ulizokuwa huwezi kumaliza hata nusu ya sahani.

Je, ni dawa? Katika majaribio ya Wegovy, mojawapo ya sindano hizi za kupunguza uzito, kwa watu wazima, kama watu 3 kwa kila 100 waliopewa dawa waliripoti kupoteza nywele, dhidi ya 1 kwa kila 100 waliochomwa sindano isiyo na dawa. Waliopungua asilimia 20 ya uzito wao au zaidi waliripoti tatizo hili zaidi kuliko wengine. Kwa Zepbound, sindano nyingine ya kupunguza uzito, walikuwa wanawake kama 7 kwa 100, na wanaume hawakufika hata 1. Na waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni ili wapungue uzito, bila sindano yoyote, nao hudondosha nywele vivyo hivyo. Kwa hiyo naamini sehemu kubwa inatokana na kasi ya kupungua na uhaba wa chakula. Sisemi dawa haihusiki, maana ndiyo iliyokata hamu yako ya kula.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Uliniambia kwa furaha kwamba siku hizi unapitisha siku nzima kwa vijiko vichache tu. Mimi sikufurahi. Mwili uliopunguziwa chakula hufanya kama nyumba ambayo kipato kimeshuka: moyo na ubongo hulipwa kwanza, nywele zinaambiwa zisubiri. Unywele wenyewe umeundwa kwa protini, basi kwenye sahani yako anza na protini kabla hujashiba, vingine vifuate. Kiasi kinachotajwa sana ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ila mwenye matatizo ya figo aulize kwanza. Na kama kichefuchefu ndicho kinachokuzuia kula, mwambie daktari wazi. Anaweza kukuchelewesha kwenye dozi uliyopo, au hata kuishusha.

Omba pia upimwe damu: wingi wa damu, feritini ambayo ndiyo akiba ya madini ya chuma, na tezi ya thairoidi. Wewe hedhi yako ni nzito, na akiba ya chuma inaweza kuwa imekwisha huku kipimo cha kawaida cha damu kikisoma vizuri. Thairoidi nayo huchezea uzito na nywele kwa pamoja, usiiache.

Vile vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, ulivyoniuliza, sikushauri uvikimbilie. Upungufu wake ni nadra, na dozi kubwa huvuruga majibu ya maabara, yakiwemo ya thairoidi na yale ya kupima mshtuko wa moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2017. Tena vitamini A au madini ya seleniamu yakizidi mwilini, hayo yenyewe huangusha nywele.

Ukiona mabaka ya duara yasiyo na nywele, ngozi ya kichwa ikiuma au kutoa magamba, au mstari unaogawa nywele katikati ukizidi kupanuka, usingoje, nenda kwa daktari wa ngozi. Wakati mwingine upara wa kurithi ulikuwa umejificha, na mshtuko huu ndio umeufichua. Matibabu yake ni mengine. Na tafadhali pumzisha mitindo ya kubana. Nywele zinazovutwa muda mrefu zinaweza kuacha kovu, na penye kovu hazioti tena.

Sasa swali lako. Kuacha sindano leo hakutazizuia nywele ambazo tayari zimeshaingia mapumzikoni, na uzito mara nyingi hurudi. Kudondoka kwenyewe kwa kawaida hupungua ndani ya miezi sita chanzo kikishatulia. Baada ya hapo uwe na subira, kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi. Na anayekuambia "si ulitaka kupungua mwenyewe", usimpe nafasi. Una haki ya kuhuzunikia nywele zako na bado ukaendelea kujitibu.

Kabla ya kwenda kliniki andika kwenye karatasi tarehe uliyoanza sindano, kila dozi ilipopandishwa, uzito wako mwezi kwa mwezi, na lini nywele zilianza kudondoka. Nitakusindikiza, niambie siku tu.

Dada yako