Risala ya Wauguzi na Wakunga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Mganga Mfawidhi na Muuguzi Mfawidhi wa Kituo,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Afya,
Watendaji wa Kata na Vijiji, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, wauguzi na wakunga wenzetu, mabibi na mabwana.

Shikamooni wazee wetu. Wengine wote, hamjambo?

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama, pamoja na wenzetu waliotoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi na hadi sasa wamekaa hapa bila kulala. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi na barabara ya kuja huku unaijua. Umefika, na umefika kwa wakati. Jambo hilo peke yake limetupa moyo.

Tunaomba kwanza utuvumilie kidogo kwenye historia ya taaluma yetu.

Vitabu vya darasani huanzia Ulaya. Sisi tunaona haki ianze mapema zaidi, Madina, karne ya 7, ambako Bibi Rufaida al-Aslamiya alipiga hema kando ya msikiti wa Mtume na kuuguza majeruhi. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, huko ndiko alikopelekwa. Bi. Florence Nightingale, ambaye tunaadhimisha siku yake ya kuzaliwa leo, alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, na jina akalipata hapo. Mwezi Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wanawake 38, kuuguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea. Mwaka 1860 akafungua shule ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas, London, na kuanzia hapo uuguzi ukawa kazi ya kusomewa. Mwaka 1899 wauguzi wa nchi mbalimbali wakaunda Baraza lao la Kimataifa, ambalo hadi leo ndilo linaloongoza maadhimisho haya.

Kwetu, UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilikuwa na hospitali pale Mkunazini, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19. Kila aliyewahi kuuguza ndugu Muhimbili analijua jengo la Sewahaji. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, hakuwa daktari wala muuguzi. Alitoa mali yake ijengwe hospitali ya kutibu watu ambao hospitali ya Wazungu ya Ocean Road haikujengwa kwa ajili yao. Alifariki mwaka 1897, na jina lake bado linatajwa kila siku na watu wanaoulizana mgonjwa wao amelazwa wapi. Miaka ya 1950 nchi ikapata Baraza la kusajili wauguzi na wakunga. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, huduma zikasogezwa vijijini, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga. Leo Mtanzania anaweza kuanza na cheti cha uuguzi akapanda hadi shahada ya uzamili bila kuvuka mpaka. Bibi zetu walimjua dresa na chupa yake ya dawa ya kidonda. Wajukuu zao sasa wanauguzwa na watu wenye leseni.

Kituo chetu nacho kilianza kama zahanati ya vyumba viwili, ikiwa na dresa mmoja na mkunga mmoja. Leo ni kituo cha afya chenye wodi ya wazazi, kliniki ya mama na mtoto, na maabara.

Mafanikio, Mheshimiwa, ni mengi na makubwa. Wenzetu wawili wamerudi masomoni kuongeza elimu, na mmoja amekwisha hitimu. Mashindano ya usafi wa vituo mwaka jana tulishika nafasi ya pili. Timu yetu ya mpira wa pete imewafunga walimu mara mbili mfululizo. Bustani ya mchicha nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje imestawi hadi wagonjwa wasio na ndugu wanapata mboga. Ukuta wa kliniki tumeupaka rangi kwa michango yetu wenyewe, na kwa michango hiyohiyo tumenunua ndoo 4 zenye koki. Haya yamefanywa na watu wenye mishahara unayoifahamu.

Kuhusu ndoo hizo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba tuseme kwa kirefu.

Risala za aina hii huwa na orodha ndefu ya maombi. Nasi tunayo: nyumba za watumishi, posho ya sare, malipo ya kuitwa kazini usiku, uhaba wa wauguzi. Mwaka huu tumeyaacha yote kwa makusudi, baada ya kikao kirefu na kwa shingo upande, ili tuje kwako na ombi moja tu. Tunaomba maji.

Wodi ya wazazi ilipojengwa iliwekewa masinki na koki, na bomba likafukiwa hadi nje ya ukuta. Hapo likaishia. Koki hizo hazijawahi kutoa tone la maji tangu siku ya ufunguzi. Tunakinga maji ya mvua kwenye tanki la lita 5,000, na masika yakiwa mazuri tunapumua. Ikifika Agosti tanki linalia likigongwa. Kuanzia hapo tunanunua kwa vijana wa bodaboda, shilingi 500 kwa dumu, na siku ambayo hela hakuna ndugu wa mgonjwa ndio wanaotumwa bondeni. Mama mjamzito wa kata hii anafunga mzigo wake wa kujifungulia akiwa na kanga, beseni, nguo za mtoto, na dumu la maji. Mabinti wanaojiandaa kwa mimba ya kwanza wanadhani ndivyo ilivyo duniani kote.

Turudi kidogo kwenye historia, maana tuliipitia mbio na hapa ndipo inapotuhusu. Watu wengi wanamkumbuka Bi. Nightingale kwa taa aliyoibeba usiku akizungukia wagonjwa. Ile taa ni nzuri, na asubuhi hii tumewasha mishumaa na kusoma kiapo kama kawaida yetu. Lakini kule Scutari miezi ya kwanza, pamoja na taa yake na wanawake 38, askari waliendelea kufa. Februari 1855 walikufa zaidi ya 42 katika kila 100 waliolazwa, wengi wao kwa kuhara na homa, si kwa risasi. Mwezi Machi ikafika tume ya usafi. Wakazibua mitaro ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, wakakuta hata maji ya hospitali yanapita kwenye mzoga wa farasi. Wakasafisha. Kufikia Juni vifo vilikuwa karibu 2 katika kila 100. Wauguzi walikuwa walewale na majeraha yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni maji na mitaro, na Bi. Nightingale mwenyewe aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki akiwachorea wakubwa takwimu hizo ili wamsikie.

Tena miaka michache kabla yake, Vienna, 1847, Dkt. Ignaz Semmelweis alifanya kazi katika hospitali yenye wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Kwa wakunga akina mama walikufa wachache zaidi. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa akina mama 18 katika kila 100, na mwezi Juni wakawa karibu 2. Sisi wakunga tunalikumbuka jambo hili kwa fahari, na pia kwa uchungu, kwa sababu miaka zaidi ya 170 baadaye elimu hiyo tunayo, klorini ya unga tunayo kwenye stoo, bango la nyakati tano za kunawa mikono limebandikwa juu ya sinki, na maji ya kuchanganyia hatuna.

Mheshimiwa, ruhusu tukueleze usiku mmoja wa mwezi Septemba. Mkunga alikuwa peke yake zamu, na akina mama watatu wameshikwa na uchungu. Ndoo ilikuwa imejaa saa mbili usiku. Alipomzalisha wa kwanza akanawa, akafuta kitanda, akasuuza makintoshi, yale mashuka ya mpira. Wa pili alitoka damu nyingi kuliko kawaida. Akamhudumia vizuri, damu ikakata, mtoto akalia. Aligeuka kunawa, koki ya ndoo ikatoa hewa. Wa tatu alikuwa tayari anasukuma, na glavu hazivaliwi kwenye mikono iliyoloa damu ya mwingine. Mkunga yule akaingia chumba cha dawa, akachukua chupa mbili za maji ya dripu, akazikata, akanawia. Mtoto wa tatu alizaliwa salama. Alfajiri, kwa uaminifu wake, aliandika kwenye leja ya dawa: "Chupa 2, kunawia mikono."

Wakaguzi walipokuja wakauona mstari huo, naye akatakiwa kuandika barua ya kujieleza. Aliandika. Barua ile ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na wengi wetu tuliisoma tukalia, kwa sababu mtu aliyeokoa wanawake watatu alikuwa anaomba radhi kwa kuwa msafi.

Sasa tuseme yale ambayo kamati ilijadili kama yasemwe au yasisemwe, na tukaamua yasemwe kwa heshima zote.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye uwanja huuhuu, mgeni rasmi wetu alisimama akaahidi kisima kirefu kabla ya mwaka kwisha. Tulipiga vigelegele. Walikuja wataalamu na vifaa vyao, wakapima, wakatuambia maji yapo, wakapigilia kigingi chenye rangi nyekundu nyuma ya jengo la kufulia. Tulimpa mlinzi kazi ya kukilinda kisije kikang'olewa. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alitueleza kwamba jambo letu limefika mezani. Mwaka jana tukaambiwa mabomba yako njiani. Mheshimiwa, kigingi bado kipo. Rangi imetoka kwa jua, mlinzi akaipaka upya kwa masalia ya rangi ya kliniki. Na aya ya maji iliyo kwenye risala ya mwaka jana tuliinakili kutoka ya mwaka juzi, tukabadili tarehe tu. Ya mwaka huu tumeiandika upya kwa sababu tumechoka kuinakili.

Hatusemi haya kumlaumu yeyote aliyetangulia. Inawezekana kila mmoja alimaanisha alichosema alipokuwa amesimama hapa. Lakini maneno yale tuliyapeleka kwa akina mama kliniki. Tuliwaambia safari hii msibebe dumu. Kisha tukalazimika kuwaambia tena wabebe. Wanaoulizwa ni sisi, Mheshimiwa, kwa kuwa sisi ndio wanaotuona kila siku.

Kwa hiyo ombi letu ni kisima, pampu, tanki la juu, na bomba kutoka hapo hadi kwenye masinki ya wodi ya wazazi, ambayo hayako mbali na kigingi. Mhandisi ameshaandaa makadirio, na yamo kwenye bahasha utakayokabidhiwa pamoja na risala hii. Sisi wauguzi na wakunga tumekubaliana kuchimba mtaro wa bomba kwa mikono yetu, siku za mapumziko, na wanakijiji wameahidi kuungana nasi. Kamati ya Afya itachangia uendeshaji wa pampu. Wadau wa maendeleo ulioambatana nao tunawaona na tunawakaribisha. Tumemtaja Sewa Haji mapema kwa sababu tunaamini kata hii nayo inaweza kumkumbuka mtu kwa jina.

Ukisimama kutujibu, tunakuomba kwa unyenyekevu utuambie tarehe. Ikiwa ni Julai, utuambie Julai. Ikiwa ni mwakani, tutapokea hivyo na tutajipanga. Ikiwa haiwezekani, tuambie pia, ili tutafute mlango mwingine. Na tunaomba utuachie jina la afisa mmoja ambaye Muuguzi Mfawidhi atakuwa akimpigia simu kuulizia, badala ya kusubiri tarehe 12 Mei nyingine.

La mwisho, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala inafuata burudani ya ngoma. Tumewaomba wachezaji wasubiri kidogo, nao wamekubali. Tunakuomba utembee nasi hadi wodi ya wazazi. Yuko mama aliyejifungua saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kike, na amesema utakaribishwa. Mkono wa kulia ukiingia utaona sinki jeupe, tumelisugua jana. Tafadhali fungua koki kwa mkono wako.

Karibu sana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi.

Imeandaliwa na kusomwa na Katibu wa Kamati ya Maandalizi, kwa niaba ya wauguzi na wakunga wa kituo.