Musipatie AI faili moja moja

Bwana Mhariri, jambo,

Niko naandika kutoka Katindo hapa Goma juu ya vijana wetu wa kode. Kila siku naona mtu anafungua AI, anakopi faili moja, anapesti, anakopi ingine, ile ya katikati anaisahau, kisha analalamika eti mashini inadanganya. Ndugu yangu, umeionyesha mlango tu, vyumba itavijulia wapi?

Kwenye terminali, ile dirisha ya kuandikia mashini amri, unaandika tu tree -L 2, inakuchorea dosye zako kama matawi, ngazi mbili basi, mchoro ule unauweka juu ya swali. Kuna na vifaa vingine vinashona mchoro pamoja na kode ndani ya faili moja, na vile vizuri vinafata .gitignore (faili inayotaja vitu vya kuacha inje), maana ukiacha node_modules, ile dosye kubwa ya kode za watu wengine, iingie, tokeni (vipande vya maneno AI inavyohesabu) zinaisha mbele ya swali na mega zako nazo zimeenda, na mega hapa kwetu munajua zinavyouma.

Lakini angalisho. Mimi nilituma projeti ya mteja, betri iko 9%, umeme hakuna, niko na haraka, kumbe .env, faili ya siri za projeti, haikukuwa ndani ya .gitignore, pasiwedi ya database ikaenda nayo. Usiku ule nilibadilisha yote kwa tochi ya simu. Sasa napiga kwanza git ls-files -co --exclude-standard, inanipa orodha ya faili zitakazoenda, nasoma mustari kwa mustari, ndiyo natuma.

Mhariri, ukurasa wa mupira uko kila siku, hata kakona kamoja ka mambo haya hamuwezi kutupatia?

Msomaji wenu, Goma