Mgonjwa wa sainasi aelezwe kilichoachwa puani mwake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wagonjwa wengi wa sainasi, yaani uvimbe wa mashimo ya mifupa yanayozunguka pua, hawaelezwi ipasavyo, nalo ni sifongo iliyoloweshwa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo daktari huweza kuiacha puani baada ya upasuaji.

Upasuaji huu, ambao siku hizi hufanywa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, hufungua njia zilizoziba, lakini matokeo yake hutegemea sana wiki zinazofuata. Utando wa pua huvimba, damu na makamasi hukauka yakawa magamba magumu, na kuta mbili zilizochubuka zikigusana huweza kushikamana kwa kovu, njia ikaziba upya. Mwenye nyama za puani ana sababu zaidi ya kuwa na hadhari, kwani kisu huondoa nyama, hakiondoi ugonjwa uliozizalisha.

Ndiyo maana naunga mkono njia hii. Sifongo inayoyeyuka yenyewe huloweshwa steroidi kama triamsinoloni, kisha ikawekwa penye jeraha lenyewe, ambapo hutenganisha kuta na kuachia dawa taratibu. Baadhi ya watafiti wameipima kwa utaratibu wa haki kabisa: tundu moja la pua huwekewa sifongo yenye dawa, la pili la mgonjwa yuleyule huwekewa yenye maji ya chumvi tu, na anayekagua haambiwi lipi ni lipi. Tafiti kadhaa za namna hiyo zimeonyesha uvimbe na magamba machache upande wenye dawa, ingawa si zote zilizokubaliana.

Hata hivyo, dawa haibaki yote puani. Sehemu yake huingia katika damu, na imewahi kuonekana kwamba triamsinoloni iliyowekwa hivyo hupunguza kwa muda kotisoli, homoni ya steroidi ya mwili wenyewe, inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Mwenye kisukari, mwenye presha ya macho, na anayetumia steroidi nyingine, hata ile ya kuvuta kwa ajili ya pumu, amweleze daktari mapema.

Ombi langu ni kwamba karatasi ya kuruhusiwa hospitalini iandikwe aina ya sifongo, dawa iliyotiwa na kiasi chake, na kama itayeyuka au itatolewa. Mgonjwa asiyejua hushtuka anapopenga kamasi na kuona kipande cha utelezi chenye damu nyeusi, kumbe ni sifongo inayoyeyuka. Na mwingine hungoja iyeyuke ile ambayo ilipaswa kutolewa na daktari, na ikisahaulika humo huweza kuleta maambukizi makali. Karatasi hiyo itaje pia kwamba kuosha pua kwa maji ya chumvi na kurudi kliniki kusafishwa magamba kunaendelea kama kawaida, maana wapo wanaodhani sifongo yenye dawa imewaondolea kazi hiyo.

Muuguzi wa masikio, pua na koo