Bakuli ndogo sio nyongeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika kuhusu bei za vyombo vya mbao, akasema mafundi tunaiba mchana kweupe eti seti ya bakuli 3 zinazoingiana tunaiuza bei ya bakuli 3 wakati zote zimetoka kwenye gogo moja, kwahiyo kwa hesabu yake yeye alipie kubwa tu, hizo ndogo apewe nyongeza. Mi nakereza bakuli hapa Tanga, yaani gogo linazunguka kwenye mashine na mimi nalichonga kwa kisu. Jina langu hakulitaja ila kalirusha jiwe gizani na mimi ndo nimepiga yowe.

Kwanza nikubali palipo na ukweli. Zote zimetoka gogo moja, tena huo ndo uzuri wake. Chukua gogo la upana wa sentimita 30 ulikereze bakuli moja tu, umbo la nusu mpira, ukuta wa sentimita 1, halafu piga hesabu: kama asilimia 80 ya ile nusu mpira imeenda chini kuwa maranda. Yaani mti umekatwa, umelipiwa, umebebwa na mkokoteni, halafu sehemu kubwa unampa mfuga kuku akatandike bandani. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya hivyohivyo wala roho haikuniuma, maana kila fundi niliyemjua alifanya hivyo, na mwembe ukianguka hakuna anayeulilia kama mninga.

Sasa huyu ndugu anadhani dogo linachomoka lenyewe kama sufuria za seti unavyozitenganisha siku ya kitchen party. Hapana. Dogo linatolewa kwa kisu kilichopinda kama mundu. Gogo limebanwa kwenye taya za mashine linazunguka, wewe unaingiza ncha kwenye uso wa gogo na kukisukuma kifuate upinde wake mpaka kipite chini ya hicho kitakachokuwa bakuli dogo, na muda wote huo huoni kitu, ncha imezama ndani ya mbao, unafanya kazi kwa sikio na kwa mkono tu. Sauti ikibadilika unatoa haraka. Maranda yakijaa kwenye ule mfereji kisu kinabanwa, na kisu kikibanwa kwenye gogo bichi la kilo 10 linalozunguka, aisee, kitu kimojawapo lazima kiachie, aidha taya au kisu au wewe. La kwanza kabisa kujaribu liling'oka likatoboa bati la paa na tundu mpaka leo lipo, mvua ikinyesha naweka ndoo.

Na hicho kisu sio cha kuingia dukani ukanunua huku kwetu. Mhunzi alinifulia kwa springi ya lori, cha kwanza kikapinda, cha pili kikakatika, vya tatu ndo hivi ninavyotumia, na nimesema "vya" kwa sababu kila saizi inataka kisu chenye upinde wake.

Unaanza na dogo, unafuata la kati, kubwa linabaki kwenye taya mpaka mwisho. Watu wananiuliza mbona zinaachana sana, 30 halafu 22 halafu 15, kwanini nisitoe na la 26? Ni kwa sababu mbao ni mbichi. Ukuta lazima uuache mnene, sehemu moja ya kumi ya upana, kwahiyo la 30 linabaki na ukuta wa sentimita 3, na kisu chenyewe kinakula kama sentimita 1 kila upande. Toa hizo uone unabaki na ngapi. Ukibana ukuta ili upate bakuli la nne utapata nyufa nne.

Halafu dogo likishatoka limevunjikia kwenye kitako, halina pa kushikwa. Kulirudisha kwenye mashine kinyumenyume, kulibana na kulichongea mguu, hapo la 15 linanisumbua kuliko la 30. Nasema kweli tupu, ningekuwa napanga bei kwa usumbufu dogo ndo lingekuwa ghali.

Bado hujalikausha. Kiini cha mti nilishakikwepa tangu napasua gogo, maana ukikiacha kitapasua tu hata umlilie nani. Napaka nta pale mbao inapokauka haraka, navitia kwenye mifuko ya saruji pamoja na maranda yake vikauke taratibu, na kila baada ya muda napima kwenye mzani, uzito ukiacha kushuka ndo tayari. Kwa hewa hii ya pwani inachukua miezi. Vikitoka sio duara tena, vimekuwa umbo la yai, kwahiyo vyote vinarudi kwenye mashine kukerezwa mara ya pili. Bakuli 3, kukereza mara 6, msasa sijauhesabu, wala mikono kuwasha maana utomvu wa mwembe mbichi una mambo yake.

Likipasuka moja katikati ya hizo 3 seti imekufa. Siwezi kuchukua la mti mwingine nikajazia, ingawa wapo wanaofanya hivyo na hao ndo huyu ndugu angewaandikia barua. Kujua ni rahisi: zipange bakuli zote mezani kwa mpangilio ule zilivyokaa ndani ya gogo, angalia mistari. Ule mstari mweusi unaopita kwenye kubwa utaukuta kwenye la kati na kwenye dogo, umekatwa tu na kisu. Mistari isipofuatana hiyo sio seti, ni majirani.

Na asidhani ni ujanja wa mjini wa siku hizi. Uingereza kulikuwa na mzee George Lailey pale Bucklebury, Berkshire, amefariki 1958, alikuwa anatoa bakuli ndani ya bakuli kwenye mti wa huko uitwao elm kwa visu virefu vilivyopinda hivihivi, na mashine yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kamba imefungwa kwenye mti unaonesa juu. Mashine ile ipo kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini ya Uingereza, mjini Reading. Mi ninayo mota, nikilalamika sana namkumbuka yule mzee. Ingawa yeye hakukatikiwa umeme kisu kikiwa tumboni mwa gogo.

Sasa bei. Seti naiuza 90,000, kubwa 40,000, la kati 30,000, dogo 20,000. Msomaji akitaka kubwa peke yake simkatazi, aje tu kabla sijaingiza kisu, nitamkerezea lake moja kwa hiyohiyo 40,000, na yale maranda yote ya tumboni namfungia kwenye mfuko wa saruji aondoke nayo. Hiyo ndo nyongeza.

Wenu,
Mkereza bakuli, Tanga