Filamu ile ni ya mirathi, si ya mizimu

Ndugu Mhariri,

Sikubaliani na mwandishi wenu aliyeiita La dama rossa uccide sette volte (kwa Kiitaliano, “Bibi Mwekundu Huua Mara Saba”) filamu ya mizimu. Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo hapa Tanga, mafaili ya mirathi yamepita mikononi mwangu hadi nikachoka, na kazi hiyo ya mwongozaji Emilio Miraglia ya mwaka 1972 ni faili la mirathi tupu.

Mzee Tobias anafariki, anaacha kasri la ukoo huko Ujerumani. Mjukuu wake Kitty, aliyeigizwa na Barbara Bouchet, alimuua dada yake Evelyn bila kukusudia katika ugomvi. Ndugu wakaificha maiti, wakatangaza kwamba Evelyn yuko Marekani. Hapo ndipo pa kutisha! Mrithi ni marehemu, jamaa wanashikilia kuwa yu hai. Yule mwanamke wa joho jekundu anayeua huku akicheka ni pambo tu, ingawa muziki wa Bruno Nicolai, nakiri, uliniweka macho.

Halafu, tafadhali, msimtaje muuaji gazetini. Mke wangu alikuwa hajaitazama. Sasa hataki tena.

Karani mstaafu,
Tanga